Hatua Kumi na Mbili za Mzee Ambilikile

Mzee Ambilikile nimemwona akifa zaidi ya mara mia mbili, na karibu mara zote nilimtukana. Nimemwona akikatwa kiunoni, akitafunwa kichwa, akitupwa ukutani mpaka ngao yake ikapasuka vipande. Kila alipokufa nilipiga meza ya ofisi na kusema maneno ambayo mtu anayeimba kwaya hapaswi kuyajua. Wakati huo sikujua kwamba ni mzee, wala kwamba ana mguu mmoja, wala kwamba anaishi mtaa wa Maporomoko, dakika kumi kwa bodaboda kutoka nilipokaa. Nilijua tu kwamba mchezoni yeye ndiye mbeba ngao wetu, na kwamba ni mbeba ngao mbovu kuliko wote walioumbwa.

Mimi naitwa Fausta. Naandaa nyaraka za mizigo kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma. Siku sita za wiki nagombana na madereva wanaotaka kuvuka leo na karatasi za kesho. Jumapili, baada ya ibada, saa tisa alasiri, narudi ofisini, nafunga mlango, nawasha kompyuta na kwenda kuua. Wengine wanapumzika kwa kulala. Mimi napumzika kwa kuchoma vitu moto.

Mchezo wenyewe una jina refu la Kizungu, sisi tunauita Mapango. Unacheza na wenzako mtandaoni, kwa kompyuta au kwa simu, kila mtu yuko kwake, mnaonana kwenye kioo na kusikilizana kwa hedifoni. Mnashuka watano pangoni, na chini kabisa anakaa fisi jike mwenye taya za mawe, mkubwa kama lori la tani thelathini. Tulimpa jina la Mama Taya. Kumuua kuna utaratibu. Mbeba ngao anasimama mbele, anamtukana na kumchokoza ili amshambulie yeye peke yake. Mganga anasimama nyuma na kumtibu majeraha, na dawa ya mganga inafika hatua kumi na mbili, haiongezeki hata moja. Watatu waliobaki ndio wanaopiga. Mbeba ngao akitoka nje ya zile hatua, dawa haimpati, anakufa, na nyote mnamfuata.

Kundi letu lilikuwa la kuokoteza. Alikuwepo Clever, binamu yangu wa Nakonde, upande wa Zambia, mlinzi wa yadi ya malori, mwenye mashoka mawili na asiyejua maana ya neno subiri. Alikuwepo Luhende, Msukuma anayechunga ng'ombe wa baba yake kule Kamsamba, mrusha mishale hodari, ila mtandao anaupata akipanda juu ya kichuguu, na ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa watu anatuacha katikati ya vita. Alikuwepo mganga, mwanamke mwenye sauti ndogo tuliyemwita Dawa. Na alikuwepo mbeba ngao, tuliyemwita Bubu. Makundi ya maana yalikuwa yametufukuza mmoja mmoja, tukabaki sisi kwa sisi, kila Jumapili, tukiliwa.

Bubu hakuanza akiwa bubu. Mwanzoni yule mbeba ngao aliendeshwa na kijana anaitwa Jastin, fundi kweli wa mchezo. Jastin akaenda chuo Mbeya, akanipigia simu kuniambia kompyuta ameiacha nyumbani kwao na kuna mtu wa kwao atacheza badala yake, nimvumilie. Jumapili mbili za kwanza huyo mtu wa kwao alikwenda vizuri. Alikuwa mzito, lakini ukimwambia simama pale anasimama, na anaandika kwenye kioo, "sawa". Kuongea hakuongea, nikadhani hana kipaza sauti.

Jumapili ya tatu, tukiwa tunajipanga mlangoni kwa Mama Taya, ikasikika sauti ya mtoto kutoka upande wa Dawa. Alikuwa anamwambia mama yake kuku ameingia jikoni. Dawa akacheka, akasema mtoe, Ruti, halafu ufunge mlango. Ni hivyo tu. Lakini Bubu alisimama kama aliyepigwa msumari, na hata Mama Taya alipotoka na kumng'ata bega hakuinua ngao. Aling'olewa mkono, akang'olewa wa pili, akafa amesimama.

Tangu siku hiyo hakuandika tena hata herufi, na akaanza vituko viwili. Cha kwanza, alimkimbia mganga. Dawa akisogea hatua tatu, yeye anaondoka hatua tatu. Dawa akienda kulia, yeye anageuka kushoto na kumpa mgongo. Tulikuwa tunapigana na fisi huku mbeba ngao wetu anamkimbia mtu wa kumponya. Cha pili, kila alipotaka kutoka sehemu moja kwenda nyingine alipiga ngao chini mara mbili kwanza. Ko, ko. Sauti ile mle pangoni inamwamsha mnyama kabla hamjajipanga. Nilimuuliza kama kwao mtu akienda kuiba hubisha hodi.

Unaweza kufikiri ni mchezo tu. Kaa wewe uone juhudi yako ya wiki nzima ikimwagwa utumbo kwenye mawe. Mama Taya alikuwa anamkamata Bubu kwa nyonga, anampiga chini kushoto na kulia mpaka anakuwa kipande cha nyama kwenye bati, kisha anatugeukia. Clever anarukia mdomoni mwenyewe. Luhende mtandao umekatika, amesimama wima kama sanamu, analiwa bila kujua. Mimi nachoma moto mpaka moto unaisha, halafu nasikia meno yakifunga juu ya kichwa changu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu alitujua, na alitumaliza mpaka mifupa.

Siku moja nikamwambia Bubu kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na Dawa mwenyewe yuko nyuma yake anamlilia asogee. Hapo ndipo Clever alipotoa mzaha uliotuchekesha wote.

"Iwe mudala," alisema, akimwita mzee kwa Kibemba chake cha yadi, "simama karibu na mganga. Kwani huyo ni mkwe wako?"

Tulicheka. Dawa alicheka kuliko wote. Bubu akapiga ngao chini mara mbili, akajitenga pembeni, akasubiri tumalize.

Sasa nimseme Dawa, na hapa nitajisema na mimi. Kila Jumapili kabla hatujaanza, Dawa alimwomba Clever apite kwenye foleni ya malori Nakonde aangalie kama kuna lori jeupe lenye tela la bluu. Lisipokuwepo, tunacheza. Likiwepo, anaaga na kuondoka. Alisema mwenye lori hapendi mchezo, basi. Jumapili moja alituambia angecheza kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine umeungua na uji. Jumapili nyingine aliongea kama mtu mwenye kokwa mdomoni, akasema ni jino. Mimi nilijua. Nilijua kama mwanamke yeyote anavyojua, nikanyamaza, kwa kuwa tulikuwa tumebakiza dakika tatu mlango wa pangoni ufungwe na nilitaka kumuua fisi wa kwenye kioo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mengine nilikuja kuyajua baadaye, lakini nayaweka hapa ili msipotee kama nilivyopotea mimi.

Mzee Ambilikile ni Mndali wa Ileje. Ameendesha malori miaka thelathini, Dar mpaka Lubumbashi, enzi ambazo injini inanguruma ndani ya kichwa cha dereva. Masikio yake yalikufa kidogo kidogo mpaka ikawa lazima umpigie kelele kwa karibu ndipo akusikie. Kisha mguu wa kushoto ukabaki chini ya tela karibu na mji wa Mpemba, akarudi nyumbani na gongo. Mkewe akafariki mwaka uliofuata. Akabaki Maporomoko, chumba kimoja upande huu wa ua. Upande wa pili wa ua kuna nyumba ya mwanawe mkubwa, Eliakim, naye dereva, na mke wa Eliakim anayeitwa Nesta, na mtoto wao Ruti. Nesta ndiye Dawa.

Kwa Wandali wa kufuata mila, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Wanaishi ua mmoja lakini macho yao hayakutani. Hawaongei, hawatajani majina, hawakai chumba kimoja, na kugusana ni balaa la ukoo mzima. Mzee akitaka kutoka chumbani anagonga gongo mlangoni mara mbili, ko, ko, mkwe ajue na ajiondoe. Chakula kinaletwa na mtoto. Neno likiwepo, linapita kwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa amekufa. Kwa hiyo Nesta alipopigwa na mumewe hakuwa na mdomo wa kumfikishia baba mkwe. Mzee naye masikio hayakumletea kitu, na macho yake yalikuwa yamefundishwa miaka sita kutomwona.

Jastin, mwanawe mdogo, alimfundisha babake mchezo ili asikae anahesabu malori barabarani. Alimnunulia hedifoni kubwa, akafungua sauti mpaka mwisho, na mzee akasikia dunia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Ile Jumapili ya tatu, mlango wa chumba chake ukiwa wazi, alimwona mjukuu wake Ruti amesimama kizingitini kwa mamaye ng'ambo ya ua, akimsema kuku, na sauti ya Ruti ikamfikia kwenye hedifoni. Hapo akajua mganga ni nani. Hakuwa na mahali pa kukimbilia. Akafanya anachofanya kila siku nyumbani: akakaa mbali, akageuza mgongo, na kabla ya kutembea akabisha.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuacha kucheza kabisa. Alinijibu polepole.

"Miaka sita yumo uani kwangu, sikuwahi kumsikia anacheka. Nikasema nikiondoka, nani atapigwa mbele yake?"

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, upepo unavusha vumbi la Nakonde na kulirudisha. Clever alipita kwenye foleni akasema lori jeupe halipo. Alikuwa sahihi. Lori lilikuwa limeharibikia Isoka, ndani ya Zambia, na Eliakim alikuwa ameliacha huko na kupanda basi. Sisi hatukujua, tukashuka.

Siku hiyo tulipigana kama watu wenye akili. Nilianza kuona kitu ambacho hasira ilikuwa imenificha kwa miezi: Bubu hakuwa tena anatoka nje ya dawa. Alikuwa amepima. Dawa akisogea, yeye anasogea, lakini anakoma palepale, hatua ya kumi na mbili, si ya kumi na tatu, si ya kumi na moja. Mama Taya anamrarua kifua, dawa inafika ukingoni, kifua kinafunga. Anamvunja goti, goti linaunga. Damu imejaa kioo chote. Clever kwa mara ya kwanza alisubiri alipoambiwa subiri, kisha akaingia na mashoka yote mawili kwenye shingo. Luhende alipachika mishale sita ndani ya jicho moja. Mimi nilichoma lile jeraha mpaka Mama Taya akalia kama breki za lori kwenye mteremko. Ilikuwa imebaki robo ya uhai wake. Hatujawahi kufika robo.

Ndipo tukasikia mlango ukigonga ukuta. Haukuwa mlango wa pangoni.

Sauti ya mwanamume ilisema, "Nimekukuta." Simu ya Dawa ikaanguka, lakini haikukatika. Kisha tukasikia kipigo. Kipigo cha kweli hakina mwangwi kama cha mchezoni. Ni sauti fupi, ya mfuko wa unga ukidondoshwa sakafuni, na baada yake mtu anatafuta pumzi. Kikaja cha pili, na cha tatu. Kitu cha bati kilianguka. Ruti akaanza kulia, na mama yake, katikati ya vipigo, alikuwa anamwambia atoke nje.

Clever alikuwa anarudia tu, awe, awe, hapana, niliangalia, lori halipo. Luhende, kule juu ya kichuguu chake, alipiga yowe la Kisukuma, lile ambalo mwanamume akilisikia anaacha hata chakula mdomoni na kukimbia na fimbo. Watu wa Kamsamba walikuja kweli, ishirini na kitu, wakamkuta amesimama na simu na hawezi kuwaonyesha adui. Mimi nilikuwa nimeshika meza nikipiga kelele, uko wapi, niambie uko wapi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunijibu.

Kwenye kioo yakatokea maandishi. Miezi saba Bubu alikuwa hajaandika.

"Huyo ni mkwe wangu. Nakwenda."

Mbeba ngao wetu akasimama pale bila mtu ndani yake. Mama Taya akamfungua tumbo, akamla akiwa wima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua silaha. Tulikuwa tunasikiliza gongo. Lilisikika kwa mbali kupitia simu ya Nesta iliyokuwa sakafuni, likivuka ua, haraka kuliko nilivyodhani mtu wa mguu mmoja anaweza. Likafika mlangoni. Na pale pia, Mungu wangu, mazoea ni kitu cha ajabu, likagonga mara mbili. Ko, ko. Kisha akaingia.

Eliakim alikuwa amelewa, lakini mila aliikumbuka.

"Baba, toka," alisema. "Humu ni kwa mkweo. Huruhusiwi."

Sauti iliyojibu sikuwahi kuisikia, nzito na ya juu kupita kiasi, kama wanavyoongea wasiosikia.

"Wewe si dereva. Tangu nikupakie kwenye lori ukiwa na miaka kumi na minne wewe ni utingo wangu, na utingo mbovu. Gari hukuliweza, mke hukumweza. Mtu anayekukimbia ndiye unayemweza? Mimi nina mguu mmoja, sikimbii. Nipige mimi."

Nilikijua alichokuwa anafanya. Miezi yote ile ndicho nilichokuwa nampigia kelele afanye: mtukane mnyama, mtukane mpaka awasahau wengine wote, mgeuze akutazame wewe. Eliakim alikuwa na kiburi kimoja tu duniani, udereva wake, na babake alikuwa amekipata na kukikanyaga.

Akageuka. Tulisikia gongo likinyang'anywa. Tulisikia likitua kwenye nyama, kisha kwenye mfupa, kisha kwenye kitu kilichotoa sauti ya maji, na mzee hakulia. Kila pigo lilipotua alisema, tena. Mtoto kumpiga babake kwa gongo lake mwenyewe, na baba anamhesabia. Nilisema bwana, mwache, kwenye kipaza sauti, kama mjinga, kama vile kuna mtu angenisikia.

Kisha ikaja sauti tofauti, ya kuni kavu inayovunjwa gotini, na Eliakim ndiye aliyepiga ukelele. Nesta alikuwa ameinuka na mchi wa kinu. Mganga wetu, ambaye katika muda wote wa mchezo hakuwahi kumgusa hata panya wa pangoni, alimpiga mumewe kwenye kifundo cha mkono ulioshika gongo, mkono ukakatika mfupa. Alipoinama kuushika, akampiga mgongoni, akaanguka, akampiga tena. Naona niseme wazi kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimesimama juu ya miguu yangu nikisema mpige, mpige, na machozi yananitoka.

Nilimpigia Jastin simu Mbeya, nikamwambia anieleze kwao ni wapi na asiniulize kitu. Bodaboda ilinifikisha kwa dakika saba. Uani palikuwa pamejaa watu. Wanaume wa jirani walikuwa wamemfunga Eliakim kamba ya turubai, uso wake umevimba. Ruti alikuwa amebebwa na mama mmoja. Na kwenye kizingiti cha nyumba alikaa mwanamke mwembamba, mdomo umepasuka, sikio linavuja damu, na mapajani mwake amepakata kichwa cha mzee. Jicho la kushoto la mzee lilikuwa limekwisha. Nesta alikuwa ameliziba kwa kiganja chake, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake na kuingia kwenye mikunjo ya shingo ya mzee.

Wanawake waliosimama pale hawakuwa wanatazama damu. Walikuwa wanatazama kile kiganja. Mkwe amemshika mkwe, mchana, mbele za watu. Mama mmoja wa makamo, nadhani kwa huruma, akavua kitenge chake na kumrushia Nesta afunike uso. Nesta alikitoa usoni, akakikunja mara nne, akakikandamiza kwenye jicho la mzee.

"Nileteeni maji," alisema.

Hakuna aliyesogea, nikaleta mimi. Niliwasukuma watu kama ninavyosukuma madereva dirishani, na mmoja nilimkanyaga makusudi.

Hospitali walimtoa mzee kile kilichobaki cha jicho, wakamfunga mbavu mbili na mkono. Nesta alishonwa mdomo. Eliakim aliwekwa plasta akiwa chini ya polisi, na kesi yake ilisikilizwa, akafungwa. Kabla ya hukumu walikuja wazee wa ukoo kutoka Ileje, watano. Mmoja wao alisema mwanamke aliyempiga mume kwa mchi na kumshika baba mkwe kwa mikono hawezi kubaki kwenye ua ule, arudishwe kwao, na mtoto abaki. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko gongo. Nesta hakuwa na kauli pale, na mila ilikuwa imekaa upande wa wazee.

Mzee Ambilikile aliwasikiliza akiwa na hedifoni za Jastin masikioni, amechomeka kwenye simu ili asipotewe na neno. Walipomaliza, alivua hedifoni.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema. "Mimi nilimchelea Eliakim. Nilisikia kaungua uji, nikaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Nimelia jicho zima. Anayetoka kwenye ua huu ni mwanangu. Mkwe wangu anabaki, na mjukuu wangu anabaki. Mbuzi mnayemtaka nitamtoa."

Mbuzi alichinjwa, mwiko ukaoshwa, na mambo yakarudi yalivyokuwa. Nilipojua hivyo nilikasirika sana. Nilikwenda Maporomoko nikakuta mzee anagonga gongo mara mbili mlangoni na Nesta anajiondoa uani na beseni lake, chakula kinapelekwa na Ruti, macho hayakutani, kana kwamba damu ile haikumwagika. Nilimwambia Nesta kwamba huu ni upuuzi. Akaniambia niache, yeye ndivyo anavyomheshimu na mzee ndivyo anavyomheshimu, na kwamba katika nyumba ile heshima ndiyo kitu cha kwanza alichopewa bila kofi. Lakini aliniambia pia kwamba wale wazee, pamoja na kujua kwao yote, walisahau kuuliza jambo moja, habari za Mapango.

Tulirudi mchezoni Jumapili ya kwanza ya Desemba. Kamsamba kulikuwa na mawingu, Luhende alionya kwamba hatadumu. Clever alikuwa mpole kuliko kawaida yake. Tulishuka kimya mpaka mlangoni kwa Mama Taya, na mbeba ngao akasimama mbele yetu, ngao mpya, mgongo umetugeukia. Nesta alisogea hatua moja. Nilisubiri mzee asogee mbele. Hakusogea. Nesta akasogea tena, na tena, mpaka hatua zikawa tisa, saba, nne. Mzee alikuwa palepale. Hakupiga ngao chini.

Ndani ya hedifoni nikasikia Nesta akivuta pumzi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mdomo ulioshonwa ulikuwa bado unambana baadhi ya herufi.

"Baba," alisema, "nipo nyuma yako."

Nilisikia gongo likisogezwa mahali fulani Maporomoko, na mzee akikohoa mbali na kipaza sauti. Kisha ile sauti nzito, ya juu kupita kiasi, ikajibu.

"Nimekusikia, mama."

Mama Taya akatoka. Mawingu ya Kamsamba yakamchukua Luhende dakika ya pili, Clever akaruka kabla ya kuambiwa, na tukaliwa wote watano, mzee wa kwanza na mimi wa mwisho. Sikumtukana mtu. Niliwauliza kama wako tayari kushuka tena, wakasema twende.